Lisemwalo lipo, lakini lipo wapi na tangu lini?

Ndugu Washauri,

Salaam kutoka Mbale, mashariki mwa Uganda. Mimi ni mwandishi wa habari katika redio moja ya FM hapa mjini. Tuko watatu katika chumba cha habari, tuna kompyuta moja ya kupokezana, na kila mtu ana simu yake. Zamani habari za asubuhi tulizipata kwa kuwapigia polisi, hospitali na wenyeviti wa LC1, yaani wa vijiji. Siku hizi mhariri wetu akiingia saa kumi na moja alfajiri, swali lake la kwanza ni, "TikTok kuna nini?"

Msimu wa mvua uliopita tulianguka vibaya. Klipu ya sekunde 40 iliyoonyesha mlima ukimeguka na kufunika nyumba iliingia katika makundi sita ya WhatsApp kabla hakujapambazuka. Maandishi yake yalisema ni Bududa, wilaya jirani ya milimani, usiku uleule. Tuliitangaza saa moja na kuiweka kwenye ukurasa wetu. Saa tatu watu wenye ndugu kule wakaanza kutupigia wakilia. Saa nne mwenyekiti wa gombolola (kata) akatuambia hakuna kilichotokea. Jioni msikilizaji akatutumia klipu ileile, imewekwa miaka miwili nyuma na ni ya nchi nyingine kabisa. Tuliomba radhi kwa sekunde tano, tukaweka muziki.

Mhariri hajali. Anasema lisemwalo lipo, redio nyingine nazo zilitangaza, na ukishataja "kwa mujibu wa mitandao ya kijamii" umejivua lawama. Mimi sikubali, lakini pia siwezi kusema tuache mitandao wakati watu wote wamehamia huko. Nina dakika 20 kabla ya taarifa ya habari, simu moja, na bando ninayojinunulia. Nifanyeje? Na video ya mtu tukishaipata, ni yetu kutumia?

Mwandishi, Mbale

—

Ndugu yetu wa Mbale,

Mhariri wako ameikata methali katikati. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja; wahenga wenyewe waliacha mlango wazi kwamba huenda halipo. Hata hivyo klipu yenu ilikuwa na ukweli wake. Mlima ulimeguka kweli, nyumba zilifunikwa kweli, ila ulikuwa mlima wa watu wengine na mvua ya miaka miwili nyuma. Video nyingi zinazoangusha redio ni za namna hiyo: hazikutengenezwa, zimehamishwa. Kwa hiyo ukiuliza "hii ni ya kweli?" utadanganyika kila mara, kwa sababu jibu ni ndiyo. Uliza nani alishika simu, alisimama wapi, na ilikuwa lini.

Ukiyajua hayo matatu una chanzo cha habari. Usipoyajua una fununu tu, na "kwa mujibu wa mitandao ya kijamii" haiigeuzi kuwa kitu kingine. Mtandao hauna mdomo. Aliyesema ni mtu fulani, na maneno yale humfichia msikilizaji kwamba hamjui ni nani.

Uko sahihi kwamba kuacha haiwezekani, na haifai. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mhadhiri na mchora katuni, aliwaalika wakazi wa Kampala waweke kwenye Twitter picha za mashimo ya barabara zao. Picha zikamiminika hadi mwezi uleule Rais akaagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Hakuna chumba cha habari nchini chenye wapiga picha wa kutosha kwa kazi ile. Mwanzoni mwa 2024 yeye, mwanaharakati Agather Atuhaire na wenzao walifanya vivyo hivyo kwa nyaraka za matumizi ya Bunge, na magazeti yakajikuta yanafuata nyuma. Lakini angalia tofauti ya vitu viwili hivi. Shimo la barabara ukitilia shaka unapanda boda unakwenda kuliona. Hati ya malipo huwezi kuiendea kwa boda. Inataka mtu wa pili ndani ya ofisi, namba ya kumbukumbu, na majibu ya anayetajwa. Vyote viwili vimetoka kwenye mtandao mmoja, lakini kazi ya kuvithibitisha si moja.

Na ukumbuke mtandao upi unakuletea nani. X (zamani Twitter) ni ya Kampala: wanasheria, wanasiasa, waandishi wenzako. Kule milimani, Bulambuli au Namisindwa, watu wako kwenye WhatsApp, tena mmoja kati ya majirani kadhaa. Wengine wana katochi (simu ndogo ya vitufe) na redio yako. Data hutozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, baada ya ile ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza 2018, na anayebana matumizi hawezi kukuwekea video. Kimya cha mtandao kutoka kijiji fulani si ushahidi kwamba kijiji ni salama. Mara nyingine waliofukiwa ndio hasa wasioweza kuposti.

Sasa dakika zako 20.

Dakika tano za kwanza usimpigie mtu. Tazama klipu mara ya kwanza bila sauti, kisha sikiliza sauti bila kutazama. Sauti hudanganya macho: yowe la Kigisu, lugha ya kwenu, linaweza kubandikwa juu ya mlima wa bara jingine, na TikTok hurahisisha kazi hiyo kwa kumruhusu mtu achukue sauti ya video ya mwingine. Ukitazama bila sauti utaona gari linapita upande gani. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Namba za magari yetu huanza na U, za Kenya na K. Tazama namba ya simu iliyochorwa kwenye duka, nguzo za umeme, mabati, migomba, sare za askari. Kama herufi zinasomeka kinyume, mtu ameigeuza klipu kama kwenye kioo ili isitambuliwe. Igeuze tena kwenye programu ya picha kabla ya kuitafuta.

Simamisha klipu mahali panne au patano ambapo picha haijatikisika, upige skrinshoti. Zipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta mtandaoni picha zinazofanana, kisha kwenye TinEye, ambayo hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi. Hilo ndilo unalolitaka. Picha tano ni MB chache tu, nafuu kuliko kuichezesha video tena na tena. Kompyuta ya ofisi ikiwa huru, weka kiongezi cha InVID-WeVerify kwenye kivinjari cha Chrome, kitaikata video vipande chenyewe. Tukio la zamani lililosambaa sana hujitokeza hapa ndani ya dakika tatu, na klipu yenu ya Bududa karibu ingekamatwa hapa. Lakini usipopata kitu usishangilie. Picha iliyozunguka ndani ya makundi ya WhatsApp tu haionekani na mashine hizi, hata ikiwa na miaka mitano.

Wakati huohuo tafuta kwa maneno. Waandishi hukosea kwa kutafuta "maporomoko ya ardhi Bududa", maneno ya kwenye taarifa ya habari. Mtu anayekimbia haandiki hivyo. Anaandika "mlima umeshuka", "Mungu wangu", jina la kijiji au la shule, kwa Kigisu, Kiganda au Kiswahili, tena kwa tahajia yake. Jaribu tahajia tatu za jina moja. Tukio kubwa la kweli likitokea mchana karibu na watu, huwa limepigwa na simu zaidi ya moja, kutoka pembe tofauti. Klipu moja tu, pembe moja tu, kila mahali, ni dalili mbaya.

WhatsApp inataka subira ya pekee. Ujumbe wenye mishale miwili umepita mikono mitano au zaidi tangu kwa mwenyewe. Aliyekutumia hajui chochote, hata akiapa. Jina la faili kama IMG-20250312-WA0007 huwapotosha wengi: tarehe ile ni ya siku picha ilipoingia kwenye simu hiyo, haihusiani na siku ilipopigwa. WhatsApp pia hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha, yaani saa, aina ya simu na mahali. Kwa hiyo panda ngazi. Mwulize aliyekutumia, "Nani alikutumia wewe?" Omba namba, mpigie huyo, muulize hivyohivyo. Mara nyingi ngazi tatu au nne zinakufikisha kwa aliyepiga, au zinakufikisha kwa mtu anayesema "niliiona tu kwenye kundi la Nairobi", na hapo umepata jibu lako. Ukimfikia mwenyewe, mwombe akutumie video kama dokumenti badala ya video ya kawaida. Ikija hivyo huja na taarifa zake, na utazisoma kwenye maelezo ya faili. Zichukue kama msaada tu: saa ya simu inaweza kuwa imekosewa, na mjanja anaweza kuzibadilisha.

Ujumbe wa kwanza kwa mwenye video andika kama unavyozungumza:

"Habari za saa hizi. Naitwa fulani, mwandishi wa redio fulani, Mbale. Kwanza, wewe na watu wa nyumbani mko salama? Nimeona video ya mlima. Ni wewe uliyeipiga? Ulikuwa umesimama wapi, na ilikuwa saa ngapi? Una nyingine ulizopiga kabla au baada yake? Ukiruhusu tuitumie, tukutaje kwa jina gani, au tusikutaje?"

Swali la "nyingine ulizopiga" ndilo linalowatenganisha. Aliyekuwepo ana sekunde 15 za kabla, zimetikisika, zinaonyesha matope na viatu vyake. Mwizi wa video hana. Ukimpata kwenye simu muulize kilichokuwa kushoto kwake, nje ya picha. Linganisha na ramani. Usimwambie arudi kupiga zaidi. Mlima uliomeguka mara moja bado umelowa, na hakuna taarifa ya saa moja inayolipia mguu wa mtu.

Mahali huthibitishwa na vitu visivyohama. Mwaka 2018 timu ya BBC Africa Eye ilitambua mahali wanajeshi walipowaua wanawake wawili na watoto wawili kaskazini mwa Cameroon kwa kulinganisha mgongo wa milima kwenye video na ule wa kwenye picha za setilaiti. Palikuwa karibu na Zelevet. Ninyi mnaoishi chini ya kilima cha Wanale mna bahati hiyo bure: miteremko ya Mlima Elgon ina sura, na Google Earth kwenye simu inakuonyesha sura hiyo ukiinamisha ramani. Linganisha paa la kanisa, kona ya barabara, mto uko upande gani. Kivuli nacho husaidia siku ya jua. Mbale iko kama digrii moja kaskazini ya ikweta, hivyo adhuhuri ya Juni kivuli huangukia kusini na adhuhuri ya Desemba kaskazini, wakati Machi na Septemba kinakuwa karibu chini ya miguu. Siku ya maporomoko, lakini, mara nyingi hakuna jua la kutupa kivuli. Usipoteze dakika zako hapo.

Akaunti iangalie, ila usiipe uzito kupita kiasi. Tiki ya bluu kwenye X inanunuliwa tangu Novemba 2022, haithibitishi mtu. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na wanaoingia humo kwa VPN (programu inayoficha mahali ulipo) wanaweza kuonekana wako Ulaya. Usimkatae shahidi wa Sironko kwa sababu hiyo. Saa inayoonekana kwenye posti hufuata simu ya anayeitazama, kwa hiyo skrinshoti iliyotoka kwa Mganda wa London haisomi saa zetu.

Dakika saba za mwisho ni za simu ya kawaida, ile mliyoiacha. Hapa ndipo mhariri wako alipopoteza kitu cha thamani. Simu ya dakika mbili kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji kilichotajwa ingeiua klipu yenu saa kumi na mbili na nusu. Tengenezeni daftari: kwa kila gombolola la milimani katika Bududa, Bulambuli, Sironko, Manafwa, Namisindwa na Mbale, namba tano. Mwenyekiti wa LC1, muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu, mkuu wa steji ya boda, na mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Zipigieni kila mwanzo wa msimu wa mvua, kwa sababu watu hubadilisha laini na wengine huhama. Ushahidi wa mtu mmoja aliyeko pale, ukikutana na klipu uliyoipatia mahali, unatosha kutangaza kwamba mlima umeshuka. Idadi ya waliokufa ni jambo jingine. Bulambuli, Novemba 2024, hesabu iliendelea kupanda kwa siku kadhaa kadiri miili ilivyofukuliwa. Taja nani amehesabu, na saa ngapi alihesabu.

Kuna aina moja ya posti ambayo yenyewe ni tukio: mwenye cheo anaposema. Mwanzoni mwa Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais, aliandika kwenye Twitter kuhusu kuiteka Nairobi, na maneno yale pekee yalikuwa habari katika nchi mbili. Hapo unathibitisha kwamba akaunti ni yake na kwamba ameandika hivyo. Kama analolisema ni kweli au si kweli, hiyo ni kazi ya pili. Hifadhi linki kwenye Wayback Machine, ghala la nakala za kurasa za mtandao, papo hapo, kwa sababu posti za wakubwa hufutwa. Skrinshoti peke yake usiiamini, hata ikitoka kwa rafiki: maneno ya ukurasa wowote hubadilishwa kwenye kivinjari kwa nusu dakika. Barua za serikali zinazozunguka WhatsApp zipime kwa siku na tarehe (mara nyingi Jumatatu ya mghushi ni Alhamisi kwenye kalenda), kwa cheo cha aliyesaini, na kwa namba ya kumbukumbu, kisha upige ofisini kwa namba uliyokuwa nayo zamani. Usitumie namba iliyokuja na barua. Sauti zilizorekodiwa za wakubwa zifanyie vivyo hivyo. Sauti ya mtu sasa inaigizwa na kompyuta kwa sampuli fupi, na sikio lako halitoshi tena.

Kuhusu umiliki: video si yenu. Chini ya sheria ya hakimiliki ya 2006 kwa kawaida ni ya aliyeipiga, hata akiwa ameiweka wazi, na anayeruhusu ni yeye, si admini wa kundi wala aliyeisambaza. Hifadhi ruhusa yake kwa maandishi. Jina lake hewani litumie akikubali tu, na fikiri kwa niaba yake: laini ya simu Uganda imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na katika kundi la WhatsApp namba yake wanaweza kuiona wote. Aliyekutumia hati ya ofisi au video ya askari umhamishie Signal, programu ya ujumbe wa siri, na namba yake usiiache kwenye kompyuta ya kupokezana. Watoto uwe nao mwangalifu zaidi. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaligusa moja kwa moja kusambaza taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na mtoto anayelia juu ya kifusi hana wa kumwombea idhini dakika ile. Mfiche sura.

Hewani sema mlichokifanya. "Tumezungumza na mwenyekiti wa LC1 aliyeko pale na mkazi mmoja aliyeona." Au: "Kuna video inazunguka inayodai ni Bududa. Mwenyekiti wa gombolola ametuambia hakuna tukio hilo." Hii ya pili mhariri wako ataipenda akiielewa: ni habari, inakuweka mbele ya redio nyingine, na inawatuliza wenye ndugu kule. Ikifika saa moja bado hujajua, usiitangaze. Tangaza unachokijua, kwamba mvua imenyesha usiku kucha na barabara fulani haipitiki, na uwaombe walioko kule wapige simu. Mtu mmoja wa katochi atapiga.

Na ile radhi ya sekunde tano haikutosha. Kosa la saa moja husahihishwa saa moja ya kesho yake, na taarifa inayofuata, mwanzoni, kwa sentensi tatu: tulitangaza nini, kweli ni nini, tulikosea wapi. Kwenye ukurasa msiifute klipu kimya kimya. Andikeni kwamba mmeiondoa na kwa nini. Aliyeiona saa moja atarudi kuitafuta.

Kwa mhariri usiende na mahubiri. Nenda na karatasi moja yenye mistari mitano ya kujazwa kwa kila kitu kilichotoka mtandaoni: linki na saa, nani alipiga, tumempata au hatujampata, nani wa pale tumempigia, ruhusa ipo au haipo. Mistari miwili ikiwa mitupu haiendi hewani bila yeye mwenyewe kusaini. Utashangaa jinsi saini inavyompunguzia mtu papara. Mwombe pia bando ya ofisi na eataimu (salio la simu), kwa sababu anayetaka TikTok alfajiri ndiye anayepaswa kuilipia.

Klipu ile ya sekunde 40 usiifute. Fungua folda, iweke humo pamoja na skrinshoti zake, uipe jina la mahali na mwaka wake halisi. Mvua zikianza tena Machi itarudi, na safari hii labda itaitwa Bulambuli.